Hasara ni ya nani? Neno kwa mwenye kutafuta mtaji na kwa mwenye kutoa feza

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.



Ijumaa moja, baada ya swala, kijana mmoja wa msikiti wetu alinifuata mpaka pale tunapovalia viatu. Alikuwa na dosie mkononi, imefungwa vizuri, na ndani yake picha ya jengo la etaji nne: maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kupangisha juu. Kiwanja kipo, ni cha marehemu baba yake, si mbali na katikati ya mji. Plani imekwisha kuchorwa. Kinachokosekana ni feza, tena si feza kidogo. Alikwisha kwenda banki akarudi mikono mitupu. Sasa anatafuta watu binafsi wenye mali, wa hapa Lubumbashi, wa Kasumbalesa, wa Dar es Salaam na hata wa Dubai, waingize mtaji wao katika kazi hiyo.

Nilimsifu, maana kijana anayetaka kujenga ni bora kuliko kijana anayekaa barazani akihesabu magari ya wenzake. Lakini akaniuliza neno moja. Alisema: "Baba, nikiwaambia watu hawa mambo yote, hakuna atakayetoa hata dola moja. Nikinyamazia mambo mawili matatu, jengo litasimama, kila mtu atapata faida yake, na hakuna atakayeumia. Je, kunyamaza huko ni dhambi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda. Jibu lake ni karatasi hii, na ninaiandika kwa wote kwa sababu swali lile si la kijana mmoja. Mji wetu unajengwa kila upande, na karibu kila ukuta unaopanda una feza ya mtu mwingine ndani yake.

KUTAFUTA MTAJI SI AIBU

Kwanza tuondoe wasiwasi. Kuomba mtaji wa mtu mwingine kwa kazi ya halali si aibu wala si unyonge. Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alisafiri mpaka Sham na bidhaa za Bibi Khadija (r.a.). Mali ilikuwa ya mama yule, safari na kazi zilikuwa za Mtume, na faida ikagawanywa. Alichotanguliza mbele ya mwenye mali ni jina lake: watu wa Makka walimwita Al-Amin, Mwaminifu. Hiyo ndiyo ilikuwa dosie yake.

Wanachuoni waliita mapatano ya namna hii mudaraba, na wengine wakayaita qiradi. Mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi na akili. Faida wanagawana kwa sehemu waliyokubaliana tangu mwanzo: nusu kwa nusu, au theluthi kwa theluthi mbili. Kama wote wawili wametia mali, hiyo ni musharaka. Na sisi wenyewe tunaijua likelemba, ambamo watu kumi wanachanga kila mwezi na kumpa mmoja. Lakini likelemba inanunua cherehani au mifuko ya simenti. Haijengi jengo la etaji nne. Kazi kubwa inahitaji mali kubwa, na mali kubwa mara nyingi iko kwa mtu usiyekula naye sahani moja. Hapo ndipo maneno na maandishi yanapopata uzito, kwa kuwa mtu huyo hakujui kama ndugu yako anavyokujua.

HASARA HAIKOSI MWENYEWE

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Kila dosie ya kuomba mtaji niliyoona katika maisha yangu inaeleza faida. Kurasa nzima za faida, kwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Nimeona chache sana zilizo na ukurasa mmoja wa hasara. Lakini ndugu zangu, hasara haipotei kwa kuwa haikuandikwa. Simenti ikipanda bei, jengo likisimama nusu, wapangaji wasipopatikana, kesi ya kiwanja ikifunguliwa, kuna mtu atakayelipa. Hasara haikosi mwenyewe. Swali ni moja tu: je, mwenyewe anajua kwamba ni yake?

Katika Muwatta ya Imam Malik kuna habari ya watoto wawili wa Sayyidna Umar (r.a.), Abdullah na Ubaydullah. Walikuwa wanarudi kutoka Iraq na jeshi. Abu Musa, aliyekuwa gavana wa Basra, akawapa mali ya hazina waipeleke Madina, na akawaruhusu wanunue bidhaa kwa mali hiyo, waziuze Madina, wabaki na faida, na mtaji waukabidhi kwa Khalifa. Walipofika, Umar aliuliza kama wanajeshi wote walipewa nafasi hiyo. Walipojibu hapana, akaamrisha walete mtaji na faida yote, kwa kuwa walipewa kwa jina la baba yao. Abdullah alinyamaza. Ubaydullah akajitetea: mali hii ingepungua au kupotea njiani, sisi ndio tungeilipa. Mtu mmoja akashauri ihesabiwe kuwa qiradi, na Umar akakubali. Alichukua mtaji na nusu ya faida, na nusu nyingine wakaachiwa vijana.

Tazameni neno la Ubaydullah. Hakusema sisi ni watoto wa Khalifa. Alisema hasara ilikuwa yetu. Alijua kwamba haki ya kula faida inaanzia pale mtu anapokuwa tayari kubeba upotevu. Na wanachuoni wakalijenga jambo hili vizuri: katika mudaraba, mali ikipotea bila kosa la mwenye kazi, mwenye mali anapoteza mali yake, na mwenye kazi anapoteza jasho lake. Lakini mwenye kazi akifanya uzembe, akivunja sharti, au akificha jambo, hapo analipa yeye. Kwa hiyo mtu anayeahidi faida ya hakika, kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake, haombi ushirika. Huyo anaomba deni lenye riba, ila amelivalisha kanzu.

MJI WETU WENYEWE

Tusifikiri kwamba mambo haya ni ya vitabu vya kale tu. Huu mji tunaoswali ndani yake umezaliwa na mtaji wa watu wa mbali. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, kwa mali ya Société Générale ya Brussels na ya Tanganyika Concessions ya Robert Williams, iliyokusanya mtaji wake London. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Watu wale walikuwa mafundi wa kuandika mapatano. Sehemu ya kila mwenye mali ilijulikana mpaka senti ya mwisho.

Lakini kuna watu ambao majina yao hayakuwa katika mapatano yale: wenye ardhi, na wale waliochukuliwa kuja kuchimba na kuyeyusha. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara wa kutosha, na hapa hapa mjini askari wakawapiga risasi, makumi wakafa. Hasara ya kazi ile ilikuwa na mwenyewe, ila haikuandikwa upande wa wenye mali. Ilibebwa na yule ambaye hakuulizwa.

Na tusiwanyoshee kidole Wazungu peke yao. Kabla yao, misafara kutoka Unguja ilifika Katanga na Lualaba. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, alikuwa Muislamu kama sisi, na katika habari za maisha yake alizozieleza mwenyewe anataja wazi namna alivyochukua bidhaa kwa mkopo kwa Wahindi wa Unguja, na tajiri aliyemkopesha zaidi ni Taria Topan. Nguo na shanga zilitoka kwa mkopo pwani, pembe za ndovu zikarudi kulipa deni. Daftari la pwani lilijaa hesabu safi za nguo na pembe. Lakini pembe zile zilibebwa na nani, na vijiji vingapi vilivunjwa na watu wangapi wakauzwa, hayo hayakuwa katika daftari. Mtaji ulikaa barazani Unguja, na hasara ikalala Manyema. Mwenye mali asidhani kwamba umbali unamtoa katika hesabu. Mbele ya Allah tutaulizwa mali tuliipata wapi na tuliitumia katika nini.

WALIOPOTEA KWA UWONGO NA WALIOPOTEA KWA HARAKA

Katika nchi yetu wazee wanakumbuka mambo ya Bindo kule Kinshasa. Watu walipeleka feza zao wakaahidiwa kuzirudisha zikiwa zimezaa mara nyingi, na mwaka 1991 yote yakaanguka. Tanzania nako, mwaka 2009, serikali ilisimamisha DECI, ambayo wanachama wake walikuwa "wanapanda mbegu" na kungojea "kuvuna". Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za wa mwisho. Hapo hakuna swali gumu la kifikra. Kumlipa mtu faida kutoka mfuko wa mwenzake na kuita biashara ni uwongo, na sote tunajua uwongo ni nini.

Swali gumu liko pale ambapo jengo ni la kweli. Nairobi kulikuwa na mifuko miwili ya kampuni ya Cytonn iliyokusanya feza za watu binafsi elfu kadhaa, zaidi ya bilioni 10 za shilingi za Kenya, ili kujenga nyumba na mitaa mizima. Faida iliyotajwa ilifika mpaka asilimia 18 kwa mwaka. Majengo yalikuwepo, mtu aliweza kwenda kuyagusa. Lakini feza za watu zilikuwa za muda mfupi, na jengo ni kazi ya miaka mingi. Wenye feza walipotaka kurudishiwa, feza ilikuwa imegeuka kuwa nondo na matofali ya majengo ambayo hayajaisha wala hayajauzwa. Mwaka 2021 mifuko ile ilikwenda mahakamani kuomba kinga, na mwaka 2023 mahakama ikaamua ifilisiwe. Ukuta haulipi deni la mwezi ujao. Mtu anaweza kuwa na jengo la kweli, na nia ya kweli, na bado akawaumiza watu, kwa sababu hakuwaambia kwa sauti kwamba feza yao itafungwa ndani ya ukuta kwa miaka, na kwamba ukuta unaweza kusimama nusu.

USHAHIDI WANGU MWENYEWE

Ndugu zangu, siwezi kumjibu yule kijana kwa mifano ya watu wengine tu. Lazima niseme langu.

Mnakumbuka miaka ya 2003 na 2004, wakati wa départ volontaire ya Gécamines. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi na kupewa kila mmoja kiasi cha feza kwa mkupuo, baada ya miezi mingi bila mshahara. Kwa wengi ilikuwa feza nyingi kuliko waliyowahi kushika maishani, na ilikuwa ya mwisho. Wakati ule wenye miradi tulizunguka kama kunguru. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa na mradi wa nyumba sita za kupangisha. Kiwanja kilikuwa cha baba yangu. Nilimwendea mzee mmoja aliyefanya kazi ya mgodi zaidi ya miaka ishirini, tukakaa chini ya mwembe wake, nikamweleza kodi ya kila nyumba, garanti ya kila mpangaji, na mwaka ambao feza yake ingerudi. Sikumwambia kwamba nina ndugu wa baba mmoja mama mbali, na kwamba hawajakubali kiwanja kijengwe. Nilijiambia: nitapatana nao baadaye. Nilijiambia maneno yale yale ya kijana wetu: hakuna atakayeumia.

Kuta zilifika kwenye linta. Ndugu zangu wakaenda kwa mkuu wa mtaa, kisha mahakamani, na kazi ikasimamishwa. Kesi ilichukua miaka. Mvua zikala matofali. Mzee yule hakunishitaki. Siku moja alikuja nyumbani kwangu, akakataa chai, akaniuliza swali moja tu: "Ulijua?"

Nikasema ndiyo. Akasimama akaenda zake.

Nilimlipa kidogo kidogo kwa miaka minane. Sehemu ya mwisho niliipeleka kwa mjane wake, kwa sababu mwenyewe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Feza niliirudisha, lakini ile miaka minane ya uzee wake, ambayo aliishi kwa kuomba kwa watoto wake, sijui nitairudisha kwa kitu gani. Ningemwambia habari za ndugu zangu mapema, angeweza kukataa, na hiyo ilikuwa haki yake. Au angeweza kukubali kwa sharti kwamba nipatane nao kwanza, na nyumba zile leo zingekuwa zimesimama. Nilimnyima vyote viwili. Nilimuuzia hasara bila yeye kujua kwamba ameinunua.

"NIKISEMA YOTE HAWATATOA"

Sasa ninarudi kwa kijana wetu. Anasema: nikisema yote hawatatoa. Ninamjibu: mwanangu, kama mtu akijua ukweli hatatoa, basi mtu huyo hajakubali. Umechukua mali yake bila ridhaa, hata kama ameitoa kwa mkono wake huku akicheka. Ridhaa ya mtu ni ya kile anachokijua, haifiki kwenye kile ulichokificha. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini kuna majimaji, na juu pakavu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuiweka nafaka yenye maji chini, pasipoonekana. Mvua si kosa la mtu. Simenti kupanda si kosa lako. Kosa ni kuweka yaliyolowa chini na yaliyokauka juu ya dosie.

Pengine atasema: lakini wenzangu wote wanaficha, mimi nikisema nitashindwa. Hili ni neno zito, na silidharau. Ni kweli kwamba mkweli anaweza kukosa mtaji na mwongo akaupata. Mimi sitamdanganya kijana kwamba ukweli unajaza mfuko kila mara. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wanaouziana wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa, na wakificha na kusema uwongo, baraka ya biashara yao hufutwa. Na sisi wenye uzoefu tunajua sehemu ya baraka hiyo inavyoonekana kwa macho. Mwenye mali aliyeambiwa tabu mapema, tabu ikija anakaa nawe kutafuta njia. Mwenye mali aliyefichwa, tabu ikija anakwenda kwa wakili. Jengo la miaka mitano haliwezi kukosa tabu hata moja.

NA WEWE MWENYE KUTOA

Maneno haya yasimwangukie kijana peke yake. Mwenye mali naye ana hesabu yake. Kuna mtu anayetoa feza na kusema: sitaki kujua habari za hasara, niambie tu kila mwezi unanipa ngapi. Mtu huyo anamfundisha mwenzake kusema uwongo. Anayekataa kusikia hasara anaomba kudanganywa. Kuna mwingine anayeona kijana ana kiwanja kizuri na shida nyingi, anatoa feza kidogo kwa masharti ambayo anajua hayatatimizwa, ili kiwanja kiwe chake. Huyo naye ameficha, maana nia yake haikuwa jengo. Na kuna komisioneri katikati, anayewakutanisha wawili hawa, anachukua sehemu yake na kutoweka. Yeye pia ni shahidi, na shahidi anayejua akanyamaza ameshiriki.

Mwenye mali aulize maswali manne kabla ya kufungua mfuko. Ardhi hii ni ya nani, na warithi wangapi wana haki ndani yake? Wewe mwenyewe umetia nini? Feza yangu itafungwa kwa muda gani? Na kazi ikisimama, nani anapoteza nini? Anayeudhika kwa kuulizwa haya hastahili amana.

YA KUFANYA

Allah ametuamrisha katika Suratul Baqara, katika aya iliyo ndefu kuliko zote za Qur'an, kuandika madeni na kuweka mashahidi. Aya ndefu kuliko zote ni ya kuandikiana. Basi tusione haya kuandika hata kati ya ndugu wa msikiti mmoja.

Kwanza, ardhi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya nchi yetu ni ya dola, na haki ya mtu ya kuitumia inasimama kisheria kwa cheti cha kuandikishwa ardhi. Karatasi ya kuuziana yenye sahihi ya mkuu wa mtaa haitoshi kubeba jengo la etaji nne. Kama cheti kina jina la marehemu, warithi wakae kwanza, wanaume na wanawake, kila mmoja aijue sehemu yake, ndipo mgeni aitwe.

Pili, mapatano yaandikwe, yataje sehemu ya faida kwa kugawana na si kiasi kilichoahidiwa, na yataje hasara kwa jina lake. Tangu mwaka 2012 nchi yetu imo katika OHADA, na sheria yake ya makampuni inawaruhusu watu wachache kuunda kampuni yenye kanuni zilizoandikwa na hisa za kila mmoja. Ni bora kuliko maneno ya chini ya mwembe.

Tatu, feza ya kazi isichanganywe na feza ya nyumba. Iwe na mahali pake na daftari lake, na mwenye mali aweze kulisoma siku yoyote.

Nne, jengo lijengwe kwa hatua. Maduka ya chini yaishe, yapangishwe, ndipo etaji ya pili. Hasara ya hatua moja inabebeka. Hasara ya jengo zima inavunja familia.

Tano, tuwahurumie wenye feza moja. Tajiri akipoteza dola elfu kumi atalala vibaya usiku mmoja. Mjane, mzee aliyestaafu, au mlezi wa mayatima akizipoteza, amepoteza kila kitu. Usiende kwao na dosie yako. Na wakija wenyewe, waambie mara mbili kile ulichowaambia wengine mara moja.

Ndugu zangu, yule kijana nilimpa jibu hili kabla ya kuliandika. Alinyamaza, kisha akaniambia yale mambo mawili matatu ni nini: dada zake wawili hawajaweka sahihi. Aliondoka bila kusema atafanya nini. Wiki iliyofuata nilisikia amekwenda kwa dada zake. Mmoja amekubali, mwingine anataka kwanza aelezwe sehemu yake kwa maandishi, na ni haki yake. Mwenye mali mmoja amechoka kungoja na amejitoa. Jengo bado ni picha. Lakini siku likianza kupanda, hakutakuwa na mtu ndani yake aliyebeba hasara asiyoijua.

Tunamwomba Allah (s.w.t.) atupe riziki ya halali, atuepushe na tamaa inayofumba macho ya anayeomba na ya anayetoa, na atuwezeshe kurudisha amana kwa wenyewe kabla ya siku ambayo hakuna feza itakayofaa. Amina.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Karatasi hii ina jina la Allah. Tafadhali usiitupe chini wala usifungie kitu sokoni. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako.